Mikono Iliyoninyima Sheria

Msiniite bibi shamba. Nimeitwa hivyo maisha yangu yote ya kazi, na kila nikiitika roho inaniuma. Mimi nilitaka kusoma sheria.

Nilianza kuitaka nikiwa mdogo kule Misima, siku baba aliposhitakiwa mahakama ya mwanzo kwa mbuzi ambaye hakumwiba. Kila alichoulizwa alijibu, "Ndiyo, mzee," kwa adabu tu, mpaka adabu yake ikamtia hatiani. Loo! Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni; baba alinyongwa tu, haki yake hakupewa.

Kwa hiyo nilipofika sekondari Korogwe nikachagua mchepuo wa historia, jiografia na Kiingereza. Mwalimu wetu alisema ndiyo njia ya kufika kwenye sheria. Kemia niliipa kisogo bila majuto.

Lakini enzi hizo hukuweza kutoka kidato cha sita ukaenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza ufanye kazi, nami nikawa karani Kabuku. Kisha watu wa kwenu wakupendekeze. Wakati huo tulishahamishiwa kijiji cha ujamaa, kwa hiyo jambo langu likapelekwa kwenye mkutano wa kijiji.

Mwenyekiti akasimama. "Huyu binti ni wetu sote. Wakili atatusaidia nini hapa? Sisi tunataka bibi shamba. Wanaoafiki aende chuo cha kilimo, mikono juu!"

Mikono ikapanda. Nikamtafuta baba kwa macho. Naye alikuwa ameunyoosha wake, tena juu kuliko wa jirani yake.

Nyumbani nikamlipukia. "Baba, hata wewe?"

"Mwanangu, wote wamenyoosha. Mimi nani nibaki na mkono chini?"

Nikaenda kusoma mahindi na wadudu wake, nikilia kwa hasira, kisha nikarudi kuwafundisha walewale.

Miaka michache baadaye kijiji kikataka kumpa mtu mwingine shamba la zamani la baba, lile lenye michungwa aliyoipanda na marehemu mama. Mkutano ukaitwa.

"Mzee, unakubali?" mwenyekiti akauliza.

Baba akanigeukia. "Mwanangu, wewe si umesoma? Simama unisemee."

Nikasimama. Nilijua michungwa ile inataka mbolea gani, na lini. Haki ya aliyeipanda sikujua hata naanzia wapi. Nikakaa.

"Ndiyo, mzee," baba akajibu.