Aliyoyasema Mzee Klemensi Kaburini

Wiki iliyopita mwanangu alirudi kutoka shuleni hapa Morogoro mjini, akafungua paketi ya biskuti za krimu ya nanasi juu ya daftari lake la Kiingereza, nami nikatoka nje mbio. Sikutapika, lakini mdomo ulinijaa mate, yale ya chumvichumvi yanayotangulia kutapika. Harufu ile siiwezi. Na kana kwamba haikutosha, zoezi lenyewe lilikuwa la kugeuza maneno ya mtu kuwa taarifa: fulani alisema kwamba, fulani aliniambia kwamba. Nikakaa barazani, nikajikumbuka nilivyokuwa darasa la saba kule Matombo, nikajichukia upya.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mgeni milimani kwetu, mwanamama kijana aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila alipofunua ukurasa, na madaftari yetu yalirudi yakiwa na madoa ya mate pembeni. Nilikuwa nalishika langu kwa ncha za vidole mpaka likauke. Alitukaririsha sentensi za kitabuni, za watu tusiowajua waliosema kwamba wanakwenda sokoni, hadi tukazichukia kama dawa ya minyoo. Alipoona tunasinzia akabadili mtindo. Kila asubuhi mmoja wetu angesimama na kutoa maneno aliyoyasikia kwa masikio yake nje ya darasa, ayageuze kuwa taarifa. Basi tukawa wambea wenye kibali. Tulitega masikio bombani, kwenye vinu, hata nje ya kanisa baada ya misa. Mimi ndiye niliyeongoza, na wakati ule niliona ni sifa.

Mwezi huohuo akafariki mama yake Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa wa ukoo wetu, upande wa mama, maana kwetu Waluguru ukoo hufuata mama. Mpishi wa shule, Mzee Klemensi, alikuwa wa ukoo wa watani wetu tangu enzi za mababu. Akiniona tu na sahani yangu alikuwa anatangaza kwamba sisi ni walaji wa vyura, nami namwambia wao huoga mara moja kwa mwaka, kisha ananiongezea mchuzi. Kwenu labda haya hayapo, lakini kwetu watani ndio huchimba kaburi, na ndio wenye ruhusa ya kutukana msibani mpaka mfiwa acheke. Mzee Klemensi alimaliza kuchimba, akajilaza humohumo ndani ya kaburi, akakataa kutoka.

"Bibi huyu kafa kwa njaa!" alipaza sauti kutoka chini. "Mwanawe kamaliza maharage yote ya shule, mama hakuachiwa hata punje! Nileteeni jogoo, la sivyo nizikeni mimi!"

Mwalimu Mkuu, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekaa kimya kama gogo, alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti. Nami nilicheka nikashika mbavu. Jogoo akaletwa, Mzee Klemensi akatoka, mazishi yakaendelea.

Wiki mbili baadaye wakaja wakaguzi wawili kutoka mjini. Walikaa nyuma ya darasa, Mwalimu Mkuu katikati yao. Mwalimu wetu alikuwa ameweka mezani paketi ya biskuti, zawadi ya sentensi bora, nasi tulikuwa watoto wa ndizi na mihogo. Nikanyoosha mkono. Nikasema, kwa Kiingereza kisicho na doa, kwamba Mzee Klemensi alisema mama yake Mwalimu Mkuu alikufa kwa njaa kwa sababu mwanawe alikuwa amekula maharage ya shule. Mwalimu alipiga makofi kabla hajaelewa anachokipigia.

Mkaguzi mmoja aliweka kalamu chini. Aliniuliza kwa Kiswahili, kwa upole:

"Mwanangu, huyo mzee alikuwa anatania?"

"Sijui," nikajibu.

Nilijua. Nilijua vizuri kabisa, lakini nilihisi kwamba nikianza kueleza habari za kaburi na jogoo na kicheko, sentensi yangu nzuri itachafuka, na paketi ilikuwa bado mezani. Nikamtazama Mwalimu Mkuu. Yeye alihitaji kusema neno moja tu. Lakini wakaguzi walikwishaanza kunong'onezana juu ya kwenda kuangalia stoo, naye akapangusa jasho la uso.

"Ni mpishi wetu," alisema. "Ana mdomo mchafu. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Biskuti zile nilizila peke yangu nyuma ya choo cha shule ili nisiombwe. Nzi walinitua midomoni, uvundo wa shimo ukachanganyika na harufu ya nanasi, krimu ikaniganda kwenye fizi, nami nikaendelea kutafuna. Nilimwona Mzee Klemensi akishuka barabara ya Mkuyuni, kajitupia koti begani. Wajukuu wanne walikuwa wanakula kwa kazi ile. Nikalamba na karatasi.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mwalimu na vidole vyake, nikamlaumu Mwalimu Mkuu na woga wake. Kisha mama yangu akafariki, tukampeleka Matombo kumzika. Watani walikuja, maana wajibu ni wajibu, na Mzee Klemensi mwenyewe alikuja, mgongo umepinda. Walichimba vizuri. Walipomaliza walipandishana mmoja mmoja, wakakung'uta udongo, wakasimama kando. Nilingoja. Sijawahi kutamani kutukanwa kama nilivyotamani siku ile, mama yangu akiwa ndani ya sanduku. Mwishowe nikamwendea.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mama," alijibu kwa adabu zote. "Pole sana kwa msiba."

Akaokota jembe lake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikumnyang'anya kazi tu. Nilikuwa nimewafundisha watu wangu kuniogopa. Tulimzika mama kimya, na mpaka wanaondoka hakuna hata mmoja aliyetamka mbele yangu neno ambalo ningeweza kulipeleka popote.