Moto Niliowasha Kabla ya Wenzangu

Mke wangu husema nilizaliwa na siafu miguuni. Kahawa ikianikwa naigeuza mpaka ananifukuza, na wageni wakichelewa natoka kuwafuata njiani. Sijui kijiji kilifikiria nini kiliponichagua kuwa katibu wa kamati ya mazingira, maana kazi ya mazingira karibu yote ni kungoja.

Tunaishi Nyakasimbi. Juu ya migomba yetu kuna rweya, yaani zile nyanda za majani za kijiji kizima, ambako watu hulisha ng'ombe na kukata nyasi. Bondeni chini ya rweya kuna kipande cha msitu wa asili kinacholinda chemchemi yetu. Si kikubwa. Ukiita ukiwa upande huu, aliye upande wa pili anaitika. Lakini ndicho kilichobaki. Kila kiangazi kuna mtu huichoma rweya ili majani machanga yachipue kwa ajili ya mifugo, na kila kiangazi moto huo huja ukaonja ukingo wa msitu.

Mwaka ule kamati iliamua tutangulie sisi. Kiangazi kikianza, nyasi zikiwa bado na ubichi, tungechoma ukanda mwembamba juu ya msitu, ili moto mkubwa ukija baadaye usikute cha kula. Tulikubaliana tuwe watu kumi na wawili, tuanze alfajiri umande ungalipo, na kila mmoja aje na tawi bichi la kuzimia.

Siku ilipofika tulijikuta wawili, mimi na jirani yangu niliyekua naye. Kulikuwa na msiba upande wa pili wa kijiji, na wengine wote walikuwa wamekwenda kuchimba kaburi.

"Tuahirishe," jirani akasema. "Msiba hauna miadi."

"Tuwangoje kidogo."

Tukangoja. Jua likapanda, umande ukakauka. Nilikuwa nikienda na kurudi kwenye ukingo wa rweya kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikaona moshi kwenye vilima vya upande wa Kyerwa.

"Unaona? Ule ukitufikia hatujachoma, tumekwisha."

"Uko mbali mno. Kuna mabonde kati yetu na ule moto."

"Mimi nawasha."

"Katibu, ngoja!"

Nilikwisha kupiga kiberiti.

Mwanzoni ulikwenda vizuri, hata nikaanza kujisifu moyoni. Moto ulitambaa chini chini, nasi tukiufuata kwa matawi. Kisha upepo uligeuka. Sikumbuki kuusikia, nakumbuka moshi tu, uliokuwa ukienda mbele, sasa ukinirudia usoni. Ukingoni mwa msitu palikuwa na lantana, ule mmea wa kuja wenye maua ya rangi mchanganyiko ambao watu walipanda zamani kama ua, ukatoroka. Ilikuwa imejisokota kwenye miti ikiwa na matawi makavu tele. Moto uliipanda kama mtu apandaye ngazi, na kufumba na kufumbua ulikuwa juu kwenye majani ya miti.

Jirani alikimbia kupiga yowe. Watu walikuja kutoka makaburini na nguo zao za msibani, wakiwa na majembe yaleyale waliyochimbia kaburi, na udongo wake ungali umeganda. Wakafyeka na kulima njia mbele ya moto. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hadi alasiri moto ulikuwa umezimwa, na karibu robo ya msitu ilikuwa vijiti vyeusi. Mizinga mitatu ya mama mmoja mjane, aliyoachiwa na marehemu mumewe, iliungua pamoja na nyuki wake.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti aliuliza nani aliwasha. Jirani yangu aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Nilijua angenyamaza mpaka jioni kwa ajili yangu. Nikasimama nikasema ni mimi, nikaeleza yote, hata habari ya moshi wa Kyerwa ambao haukutufikia kamwe. Ukatibu nilivuliwa palepale. Kisha yule mama mjane akaomba neno.

"Mizinga nitachongewa mingine," alisema. "Huyu mimi nataka aje nami msituni kila Alhamisi. Nimwonyeshe alichokichoma."

Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Alhamisi ya kwanza nilimkuta amekwishafika, na kanga yake kaifunga kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hapa palikuwa na nini?"

"Miti."

"Miti gani?"

Nilitaja msambya, nikataja mkuyu, nikakwama. Akanitembeza kwenye majivu hatua kwa hatua, akionyesha kwa fimbo. Hapa mubilizi mchungu wa kutibu minyoo. Pale mti ambao nyuki huufuata mvua zikikaribia. Pale mzizi wa kumpa mama aliyejifungua. Hapa uyoga, siku mbili tu kwa mwaka. Kila jina alilitaja kwa Kinyambo, lugha niliyonyonya na maziwa, na mengi sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa nimesaini barua za kuulinda msitu ule, na sikujua mlikuwa na nini ndani.

Mvua ziliponyesha, kilichotangulia kuota ni lantana. Ilichipua kutoka kwenye mizizi kana kwamba moto uliipalilia. Nikaona hapo ndipo pa kulipia kosa langu. Sikungoja Alhamisi. Siku tatu mfululizo niling'oa peke yangu kwa jembe na mikono, miba ikinichana, nikafanya rundo kubwa kama kibanda. Mama alipofika nilisimama kando ya rundo nikisubiri asifu.

Alipiga magoti, akachomoa miche midogo kutoka kwenye rundo, mmoja mmoja, akaipanga kwenye kanga.

"Hii ni misambya. Ilijificha chini ya lantana ili jua lisiiue. Umeing'oa yote."

"Nilitaka kuumaliza huu ubaya, mama."

"Ulitaka moyo wako upoe. Ni vitu viwili hivyo."

Tukaanza upya kwa namna yake. Tulitoka pale penye lantana chache kuelekea penye nyingi, kipande kidogo kwa wiki, tukigeuza mizizi juu ianikwe na jua. Penye mche chini, tulipunguza matawi tu mpaka mche upate nguvu. Penye kiota cha ndege tulipita. Mikono yangu ilikuwa ikiniwasha kwa kazi ambayo haikufanywa. Mara nyingi nilipiga hatua kuelekea kichaka kinachofuata, naye akinirudisha kwa kukohoa tu. Jirani yangu alijiunga nasi, kisha wengine wachache. Msimu wa tatu misambya ilikuwa imenipita kimo, na nyuki waliingia kwenye mzinga mmoja mpya.

Mwaka jana magoti yalimshinda, binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Nkwenda. Mwezi mmoja baadaye niliona mmea nisioujua pale palipoungua, jani lake nene, chini yake jeupe. Niliuliza kijiji kizima. Nikakata jani moja, nikalifunga kwenye jani la mgomba, nikapanda bodaboda hadi Nkwenda.

Alilikuta limeanza kunyauka. Aliligeuza, akalinusa, akatafuna kipande na kutema.

"Siujui," alisema.

"Wewe mama, huujui?"

"Siujui. Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Basi usiuguse tena. Ngoja utoe maua, uniletee habari yake, si jani lake."

"Utachukua muda gani kutoa maua?"

Alicheka mpaka binti yake akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Sasa mmea ule unanifika kiunoni na haujatoa ua hata moja. Kiangazi kimeanza, na juzi niliona moshi kwenye rweya ya kijiji cha jirani. Nimelima njia ya kuzuia moto pande zote za mmea. Napita kuutazama kila siku, siku nyingine mara mbili, na mke wangu hanisemi tena. Anauliza tu kama umechanua.