Kidole gumba cha mzee wa rekodi

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya bucha hapa Buruburu, mtu akanigusa bega. Kumbe ni yule mzee aliyetunza rekodi za mitihani chuoni kwetu miaka thelathini. Alistaafu mwezi jana, tukamwingiza kwenye kundi la mtandaoni la wanafunzi wa zamani.

Siku hiyo mimi ndiye niliyemkaribisha kwa mbwembwe: "Mzee, wewe ndiye uliyeniambia nimepata daraja la kwanza!" Wenzangu wakanipongeza. Yeye akaweka kidole gumba tu.

Sasa pale buchani akachungulia nyuma, kisha akaninong'oneza, "Nakukumbuka vizuri, kijana. Ulilia pale dirishani kwangu. Ilikuwa daraja la pili, tena la chini."

"Na mbona hukusema kule kwenye kundi?"

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Nimeacha kazi. Siri za watu sijaacha kuzitunza."

Jioni niliandika ukweli kwenye kundi, nikaufuta kabla ya kuutuma. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nimeuandika hapa, kwa sababu najua wenzangu wa chuo hawasomi gazeti.