Rumiyati Alipolifanyia Utafiti Soko Letu

Tukinem aliuza tempe, vile vibonge vya soya zilizovundikwa, katika soko la zamani, pale mtoni, tangu hajaolewa. Meza yangu ya mboga na mchuzi wa karanga ilikuwa ubavuni mwake, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mumewe alipokufa, alimsomesha bintiye Rumiyati kwa soya zile zile: azichemshe, azivundike, azifunge kwa majani ya mgomba, na alfajiri awe mezani. Binti akaingia chuo kikuu mjini Yogya kusomea elimu ya jamii. Tukinem alisema ni kusoma watu. Nikamwambia watu hapa wako tele, angekaa nyumbani akawasoma bure.

Mwaka wa mwisho, chuo hakimwachii mwanafunzi mpaka afanye utafiti wake mwenyewe, auandike, kisha autetee mbele ya walimu. Rumiyati akachagua soko letu. Wakati huo wilaya ilitaka kulibomoa na kutupandisha ghorofani, katika jengo jipya kando ya barabara kuu. Sisi hatukutaka hata kulisikia. Wateja wetu ni vikongwe wanaokuja na vikapu mgongoni. Nani kati yao atapanda ngazi kufuata tempe? Tulifurahi kwamba mtoto wetu ndiye atakayeandika. Tulisema sasa tumepata msemaji.

Alikuja siku ya soko, amevaa koti la chuo, pamoja na mwalimu wake msimamizi, Bwana Wiryawan, mtu mpole ndani ya batiki iliyonyooshwa vizuri. Wakapita meza kwa meza wakiuliza kama tunakubali kuhamia jengo jipya. Kwetu mgeni hakatazwi jambo usoni, seuze mgeni aliyeletwa na mtoto wako. Tulitabasamu, tukasema tunakubali, tukawakaribisha chai. Tukinem alipofikiwa alifuta mikono, akainama mbele ya mwalimu.

"Tunashukuru kwa kufikiriwa," akasema. "Sisi tunafuata tu."

Rumiyati akaandika kwamba mama yake amekubali.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo. Mtoto huyu alizaliwa hapa. Mama huyo huyo ndiye aliyemfundisha kwamba ukikaribishwa chakula kwa watu unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Lakini chuoni walikuwa wamemfundisha kwamba kilichosemwa ndicho hicho, na alama za mtihani hutolewa huko, si kwetu. Jioni ile walikula pamoja, mama akingoja kuulizwa kweli, binti akijumlisha majibu. Hakuna aliyelitaja soko.

Siku ya kuutetea utafiti, Tukinem alikaanga tempe, akazipanga kwenye visanduku vya chakula vya watahini kama ilivyo desturi. Binti alifaulu vizuri mno. Mama alitundika picha yake ukutani, na kwa wiki nzima kila aliyenunua tempe aliongezwa kipande.

Haukupita muda, wilaya ikatuita mkutanoni. Tulijiandaa, maana pale ndipo tulipopanga kusema. Mzee Karsono, muuza visu, alisimama akaeleza kwamba hakuna anayetaka kuhama. Afisa alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akainua kitabu chenye jalada gumu. Kibali cha kufanya utafiti hutolewa na wilaya, na nakala ya kazi lazima irudi kwao.

"Wazee wangu, mbona mlishasema wenyewe?" akauliza. "Tena aliyewauliza si mtu wa serikali. Ni mtoto wenu."

Tukageuka wote kumtazama Tukinem. Mzee Karsono akamwambia, wala si kwa kunong'ona, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sikumtetea. Tukinem alikaa akitazama viganja vyake.

Soko likabomolewa. Huko ghorofani Tukinem alipewa pembe karibu na choo. Vikongwe waliishia chini ya ngazi wakarudi zao. Tempe haingoji mteja. Ukikosa wa leo, kesho inanuka. Alivumilia msimu mmoja wa mvua, akaacha, na sasa anafua nguo za watu, pamoja na za yule afisa. Rumiyati amepata kazi nzuri katika kampuni mjini. Kazi yenyewe ni kuwauliza watu maswali.

Sikukuu ya Idi ilipofika alirudi, akapiga magoti mbele ya mama yake kuomba radhi, kama watoto wetu wote wafanyavyo siku hiyo. Nilikuwa jikoni kwao nikikata ketupat, ule wali wa kufungwa majani, nikasikia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja na mwalimu wako. Ningekuaibisha? Ungeniuliza nyumbani, ningekwambia."

"Basi nakuuliza sasa, niko peke yangu. Mama, una kinyongo na mimi?"

Tukinem akatumia lugha ya heshima, ile tunayowawekea wageni, ambayo mama kamwe hamsemeshi nayo mtoto wake.

"La, bibie, hata kidogo. Tafadhali karibu chai."

Safari hii Rumiyati alilielewa jibu. Alilia pale pale chini mpaka chai ikapoa, na mama yake hakumgusa.