Kitanda cha Kumlaza Mama

Mamangu alikuwa mnene. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiwazungumzia mama zao waliokufa huwapaka rangi: huyu alikuwa na subira, yule alikuwa malaika. Mamangu hakuwa na subira hata chembe, na alikuwa mnene. Harusini alipangiwa viti viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, na anayevileta huwa anatazama pembeni kana kwamba vimejipanga vyenyewe. Mama ataketi, ajitengeneze leso, kisha aseme, "Haya leteni biriani, viti vimeshasalimu amri." Watu watacheka naye. Kucheka naye kulikuwa ruhusa. Kumcheka, thubutu!

Kilichomuumiza kilitokea Nairobi, kwa wakwe wa kakangu. Tulikwenda kuposa, wakatulaza huko, na kitanda cha wageni kikamvunjikia. Chaga zilikatika kwa mpigo, godoro likazama katikati, naye humo ndani. Wakaingia wanaume watatu kumnasua, wanaume wa watu, naye yuko na leso moja tu. Hakuna aliyecheka mbele yake. Lakini tulipoketi kwa chai, shangazi wa bibi harusi akauliza, "Mama, mlilala salama?" na huko jikoni kicheko kikawaponyoka. Mama aliweka kikombe chini. Tangu hapo harusi iwe, msiba uwe, ikikaribia magharibi ataka kurudishwa kwake. "Silali tena kitanda cha watu," alisema, na lake likawa hilo.

Mimi niliondoka Mombasa miaka ile ambayo kila kichochoro kilikuwa na ofisi ya wakala na kila nyumba ina binti angojea visa ya Saudia. Nilianzia Riyadh, kazi za nyumbani. Miaka miwili nililala chumba cha pasi, juu ya godoro jembamba nililolikunja kila alfajiri kabla madam hajateremka. Mama akiniuliza kwenye simu nalala wapi, namjibu, "Kitandani, mama, kizuri kweli." Ningemwambia nini? Kisha baba, bosi wetu, akahamishiwa kazi Jeddah, tukahama sote hadi mtaa wa Aziziya, nami nikapewa chumba cha juu kwenye paa, chenye mlango unaofungika. Nikaona nimefika.

Mwaka wa sita mama akaniambia anakuja Umra na kundi la akina mama wa mtaani. Nilipiga ukelele jikoni hadi madam akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamweleza. Madam wangu huyu hasira zake zilikuwa karibu na huruma zake zilikuwa karibu, hujui siku hiyo utaangukia wapi. Siku hiyo alinishika mkono akasema, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, "Mama yako, mama yangu. Atalala hapa siku nne. Halas, basi."

Mama alikataa. Hotelini Makka angelala, alisema, maana kule mtu amekwenda kwa Mungu, na Mungu ndiye aliyemuumba vile. "Lakini nyumba ya bosi wako, mwanangu, kitanda kikivunjika ni wewe utakayekosa uso. Nitakuja asubuhi, nirudi na wenzangu jioni."

"Mama, nitakununulia kitanda ambacho hata tembo atalala."

Nikadhani nimemuudhi kwa kutaja tembo. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Haya. Nunua."

Miaka sita sikuwa nimelala chini ya paa moja na mamangu. Sasa nilikuwa nimepewa siku nne, na siku hizo nne zilitegemea mbao na misumari. Kitanda kikimbeba, ninaye. Kisipombeba, atafungasha vitu vyake palepale na sitamwona tena hadi Mungu apende. Sikutaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Madam alinitolea kitanda cha chuma cha kukunja kutoka stoo. Sikukiamini. Bosi alikuwa akinunua mchele kwa magunia ya kilo arobaini, basi nikayakokota matatu hadi kile chumba kidogo cha chini karibu na jikoni, maana ngazi za kwenda juu kwangu magoti ya mama yasingeziweza. Gunia la kwanza, kimya. La pili kikalia. La tatu mguu mmoja ukapinda polepole kama mtu anayepiga goti. Madam akatokea mlangoni, akatazama magunia yake yamejilaza na mto kichwani. "Mchele umechoka?" akauliza. Tulicheka hadi tukashikana. Alipoona kwamba sitanii, akaniruhusu kutoka Ijumaa na dereva nikatafute cha kununua. Usiku nilimpigia mama kumsimulia habari ya mchele, nikicheka hadi machozi.

Lakini uzito? Mwaka nilioondoka, mizani ya hospitali ilivuka kilo mia na thelathini. Nikasema mtu wa umri ule hapungui, nikamkadiria mia na arobaini. Nilitaka hakika, nikampigia mdogo wangu anayeishi naye, nikamwambia ampeleke duka la dawa akapimwe.

"We nunua chochote tu, dada. Kitamtosha."

Chochote! Damu ilinichemka. Nikamwambia wewe unakaa naye kutwa kucha na humjali, mimi niliye mbali ndiye ninayehangaika, huna haya wewe? Wataka aaibike tena? Nilimsema hadi pumzi ikaniishia. Nilimsikia akipenga kamasi, nikadhani ana mafua.

Na mama video alikuwa hataki. "Waongea na mimi au na sura yangu?" huniambia. Picha yake kwenye simu ilikuwa ileile ya miaka yote, ya harusini, mashavu yamejaa na halua mkononi. Mimi nikawa naiangalia ile na kusikia sauti, nikaridhika.

Dereva wetu alikuwa Mkenya mwenzangu, Mluhya wa Kakamega, bonge la mtu, muungwana. Alinipeleka kwenye soko la samani za mitumba, ambako kulikuwa na Myemeni mzee aliyevipanga vitanda kuanzia ndani hadi barabarani. Mimi mwanamke, tena mfanyakazi wa nyumbani, siwezi kujilaza mbele za wanaume nikajaribu kitanda. Nikamgeukia dereva.

"Kaka, lala."

"Ati nini? Dada, mimi ni gunia?"

"Leo ndiyo. Vua viatu."

Maskini, akalala. Nikamwamrisha ageuke. Si hivyo, nikamwambia, mtu mnene hageuki mara moja, huanza na bega, akapumzika, kisha nyonga. Nikamwambia aketi ukingoni na ajiinue kwa mikono. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaangalia katikati ya kitanda, na mtu mnene hapandi kitanda katikati. Huketi kwanza ukingoni, uzito wote pale pamoja, na mfumbati, ule ubao wa ubavuni, usipokuwa imara ndio unaokatika. Halafu kisiwe kirefu hata miguu ining'inie, wala kifupi hata ashindwe kuinuka. Nilikipima kwa goti langu, maana goti langu na la mama ni usawa mmoja. Godoro nalo liwe sponji ngumu. La springi likishabonyea hapo, kutoka ni kazi. Watu walikusanyika. Dereva alilala vitanda vinne, akisema, "Aki ikifika kwa wife kwamba nilionekana nikijaribu vitanda na wewe, nimeisha." Nilicheka siku ile, Mungu shahidi wangu. Nilicheka sana.

Cha nne ndicho. Mbao nzito, tendegu nene, hakilii ukikitikisa kwa nguvu zako zote. Hata hivyo nikamwambia mzee aongeze chaga zikaribiane hata ngumi isipite, na chini katikati atie boriti yenye miguu miwili. Akanitazama. "Unalaza mtu au gari?" akauliza kwa Kiarabu.

"Namlaza mamangu."

Basi akaweka mkono juu ya kichwa chake, ndivyo wanavyosema kwamba agizo lako wanalibeba kichwani, akaita fundi. Tukarudi kupitia mtaa wa Sharafiya nikanunua mashuka mapana, na nikampigia mama palepale kwenye kelele za magari kumsimulia yote, dereva na viatu vyake, Myemeni na gari lake. Alicheka. Mara mbili aliomba kuisikia tena ile ya "mimi ni gunia." Akasema, "Umehangaika, mama yangu. Ahsante." Mama anapokuita "mama yangu" huwa amefurahi.

Alikuja Alhamisi baada ya Umra yake. Dereva ndiye aliyekwenda kumchukua Makka. Nilikuwa nimesimama getini tangu adhuhuri, jua linachoma na sisikii. Gari likaingia, dereva akashuka, na yeye ambaye hapitwi na mzaha hakunitazama. Akazunguka akafungua mlango wa nyuma.

Buibui lilikuwa la mama. Lilikuwa limejaa. Mtandio ameuvuta hadi kidevuni. Nikamrukia kama mtoto, nikamkumbatia, na mikono yangu ikakutana mgongoni kwake.

Tangu nizaliwe mikono yangu haikuwahi kukutana nyuma ya mamangu. Nilisimama hivyo, nimejishika viganja vyangu mwenyewe, sikuthubutu kumwachia nikamwona. Akaninong'oneza, "Si hapa, mwanangu. Watu wanatuona."

Chumbani nilimvua. Chini ya buibui alikuwa na dera, chini ya dera dera jingine, na chini yake sweta. Sweta, Jeddah! Jasho limemlowesha na mwili wote unamtetemeka. Chini ya sweta ndipo alipokuwa mamangu, ngozi na mifupa, na ngozi yenyewe imebaki nyingi haijui pa kwenda. Ugonjwa ulikuwa wa tumboni. Mwaka mzima na zaidi. Madaktari walikuwa wameshasema lao, na yeye akasema lake, kwamba ataenda Umra na atamwona mwanawe.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungefanya nini, na pasipoti yako iko kabatini mwa watu? Ungelia tu. Na huku nani angekufuta machozi?"

Nilikasirika. Nasema kweli, kabla ya kulia nilikasirika, nikampigia mamangu kelele na yeye anakaribia kufa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilipokuwa mnene niliona haya. Sasa nimekonda naona haya zaidi. Niliona vibaya umenunua kitanda kikubwa, halafu nakuja mimi huyu." Ndiyo maana ya yale madera.

Akakiendea kitanda. Hakukiketia hivihivi. Alishika mfumbati kwa mikono miwili, akajishusha polepole, akasita katikati, akitega sikio. Miaka yote ile mwili ulikuwa umeshazoea kuogopa, na ulikuwa haujajua kwamba umekuwa mwepesi. Akaketi. Godoro halikubonyea hata kidogo. "Hakilii," akasema, akanitazama usoni. "Mashallah, hakilii hata."

Siku zile nne madam hakuniita. Alipika mwenyewe, akaleta supu mwenyewe, akaiweka mlangoni akaenda zake. Baada ya adhuhuri mama alikuwa akilala upande wa ukutani nami nalala naye. Mahali nilipompimia mtu mmoja palitutosha wawili na pakabaki. Alikuwa akinivuta mkono, akisema, "Sogea huku ndani, utaanguka." Siku ya tano dereva alimrudisha kwa wenzake. Alibebwa kwa kiti cha magurudumu uwanja wa ndege, nikaambiwa. Alifika Mombasa, akakaa wiki saba. Sisi huzika upesi. Niliposoma ujumbe nikiwa na sahani mkononi, mamangu alikuwa ameshafukiwa.

Mdogo wangu sikuongea naye hadi arobaini ilipopita. Sikuweza. Nilikuwa nikisema moyoni mama alikuwa mgonjwa, mama ana haki ya kuficha, lakini wewe? Wewe uliyeniacha nikamlaza mwanamume wa watu kwenye vitanda vinne sokoni, nikatafuta boriti, nikajifanya fundi, nawe wajua? Nilipompigia nilikuwa nimejiandaa kumvunja. Nikamuuliza hivyohivyo.

Alilia kwanza. Kisha akasema, "Nilitaka kukwambia siku ile uliponitukana. Mama alinishika mkono. Alikuwa kando yangu, alikusikia. Akaniambia, mwache anunue. Akasema tangu uende Saudia hajakusikia ukicheka vile. Kila ukikata simu alikuwa akiniuliza, 'Kesho atapiga tena kunieleza habari za kitanda?'"

Nilikuwa nimeketi palepale ukingoni mwa kile kitanda. Nilimwomba mdogo wangu radhi, akasema yamekwisha, na hakuna aliyetaka kukata simu.