Wafungwa wa Bi Kucha

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha ndoa, maana mtaani hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Bi Kucha. Ukinunua mche kwake, hakupi mpaka aukwaruze kidogo kwa ukucha wa gumba, pale chini karibu na udongo, akuonyeshe rangi iliyo chini ya gome. Ikiwa kijani, mche uko hai, chukua uende zako. Ikiwa kahawia, anautupa nyuma ya banda na kukuletea mwingine, na radhi hakuombi. Mteja akilalamika kwamba mche wake una majani machache, Bi Kucha humpima kwa macho kutoka utosini hadi kwenye viatu, kisha humwuliza kama amekuja kununua mmea au pazia.

Alikuwa na haki ya kuringa. Mji wao uko juu, penye baridi kavu isiyo na huruma. Mvua huja kwa kubahatisha. Miezi mitatu kwa mwaka majani huamka yamevaa ganda la barafu, halafu mchana jua na upepo hunyonya hata unyevu uliokuwa midomoni mwa watu. Wageni wakihamia huko hupanda maua waliyoyaona kwenye kalenda, wakayapa mbolea, wakayanywesha asubuhi na jioni kama watoto wachanga. Barafu ya kwanza ikipita, wanarudi kwa Bi Kucha vichwa chini.

Siri yake ilikuwa jela. Ndivyo alivyopaita yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba, chini ya ukuta wa matofali unaopigwa na upepo na usiopata jua hadi adhuhuri. Kila mche uliotoka kwenye kitalu chake ulikaa pale wiki sita bila tone la maji. Wateja wa siku nyingi walikuwa hawamsalimu kwanza, walimwuliza, "Nani kaachiwa wiki hii?"

"Watatu," angejibu. "Wengine rufaa zao zimegonga mwamba."

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Mama yule, akiwa binti, alibanwa gumba na mlango wa ghala, ukucha ukapasuka katikati, na tangu hapo ukawa unaota hivyo hivyo, na mfereji katikati. Alipokwaruza mche, gome lilibaki na mistari miwili myembamba iliyokwenda sambamba. Ukucha wa Bi Kucha ulikuwa mzima, ukiacha mstari mmoja. Basi walipokuwa wakifanya kazi pamoja, mtu angeweza kutembea kitaluni akajua mche upi umepimwa na mama na upi na binti.

Mama alikuwa na masharti mawili. La kwanza, mche hukwaruzwa mara moja tu kwa msimu, kwa sababu kila mkwaruzo ni kidonda, na hewa ya kule hukausha kidonda upesi. La pili hakulisema kamwe, alilitenda tu. Akiukuta mche ambao anaona wazi hautafika mbali, hakuukwaruza. Aliupapasa kwa nyama ya gumba, taratibu, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayempa pole mfiwa, kisha akaenda kwenye mwingine. Alifariki miaka minne iliyopita, asubuhi ya barafu ya kwanza, udongo ukiwa bado kwenye kucha zake zote.

Sasa, mwaka ninaousimulia, Bi Kucha alikuwa na shida iliyomkosesha usingizi, nayo ni kifua cha mumewe. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vya kushika vitu visivyoonekana. Msimu uliopita wa baridi alikohoa hadi akalazwa mara mbili. Kisha watu wa umeme wakaja wakakata miti yote mirefu iliyokuwa upande wa upepo ili wapitishe nyaya zao, wakaacha dirisha la chumba cha kulala likitazamana na uwanda mtupu. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia Bi Kucha kando, kwenye korido, kwamba kifua kile kikipigwa na upepo na vumbi msimu mwingine mmoja, asitegemee kumrudisha nyumbani.

Aliporudi hakumwambia mumewe chochote. Alisimama nje ya dirisha, akapima kwa hatua, akakata shauri: miche thelathini, safu mbili zilizobanana, iwe imeshika mizizi kabla ya barafu. Si michanga, bali ile mikubwa ya kwenye madebe, ya miaka mitatu, inayofika mtu kiunoni.

Aliichagua kama anayechagua walinzi. Waridi aliliruka bila kulitazama. Kila chenye jani pana na laini alikiruka pia, maana jani pana huko ni mdomo wazi, linapoteza maji mchana na kuungua kwa barafu usiku. Alichukua michongoma, kwa miiba yake na ukaidi wake. Alichukua mikomamanga mifupi, ambayo humwaga majani yake mapema, ikajilaza na kuungoja msimu upite. Alichukua rozmari yenye majani kama sindano, na vile vichaka vya kijivu vyenye manyoya kwenye jani, ambavyo jina lake la kitabuni hakuwahi kulijua wala kulihitaji. Hakuipa mbolea, kwa kuwa mbolea huchipusha machipukizi laini, na hayo ndiyo barafu huanza nayo. Kwa jumla alitia jela madebe sitini, ili apate thelathini ya uhakika.

Wiki ya nne, mchana kweupe, aliingia ndani kuepua sufuria. Hakukaa dakika tano. Aliporudi jela, mkomamanga wa kwanza ulikuwa umekwaruzwa pale chini karibu na udongo. Utomvu ulikuwa bado mbichi. Mistari ilikuwa miwili.

Alichuchumaa akaitazama mpaka magoti yakamuuma. Kisha akaenda dirishani.

"Fundi, umegusa miche yangu?"

"Mimi?" Mumewe hakuinua hata jicho lenye kioo cha kukuzia. "Mimi na udongo tutajuana siku ya kuzikwa."

"Koma! Usiseme hivyo!"

Alimkaripia kwa sauti iliyomshtua hata yeye. Mumewe akatoa kile kioo jichoni, akamwangalia, akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi.

Kufikia mwisho wa wiki ya sita, miche thelathini na mmoja ilikuwa na mistari miwili. Daima mchana, daima alipokuwa amegeuka kidogo tu. Siku moja alijificha nyuma ya pipa akavizia hadi shingo ikakakamaa, na hakuona mtu. Alisikia tu sauti ndogo kavu, kama ya mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria, ikisogea kutoka debe hadi debe. Hakukimbia, ila hakusogea pia.

Bi Kucha hakuwa mtu wa kupangiwa kazi, hata na mama yake, hata mama akiwa wapi. Miongoni mwa miche isiyo na alama mlikuwemo michongoma mitano iliyonawiri kuliko yote. Alipanda ishirini na mitano yenye mistari, kisha, kwa ubishi wake, akaipanda na ile mitano. Alichimba mashimo ya kina, akainywesha yote mara moja, maji mengi hadi chini kabisa, akapanga mawe kwenye mashina ili unyevu usitoroke, akaiacha.

Barafu ya kwanza ilikuja mapema. Alipotoka asubuhi, michongoma ile mitano ilikuwa imesimama myeusi kuanzia ncha hadi shina. Ile ishirini na mitano haikuwa imepoteza hata jani lisilotakiwa kupotea. Aling'oa mitano, akaziba mapengo kwa ile yenye alama iliyobaki jela.

"Haya mama," alisema kwa sauti ya chini. "Umeshinda."

Angeweza kuishia hapo na kumshukuru marehemu. Lakini walikuwa na mbuzi wawili, mmoja mnono mwenye kelele na mmoja mkondefu aliyekohoa karibu kama Fundi. Siku tatu baadaye, akimtia mkondefu kamba, aliona ndani ya sikio lake, penye ngozi ya waridi, mistari miwili myembamba. Alimkamata yule mnono, akageuza sikio moja, akageuza la pili, na yote yalikuwa safi. Wiki haikuisha, mnono akakutwa amelala kwenye majani yake, mkavu kama ubao, hana ugonjwa wala jeraha.

Ndipo hofu ilipomwingia Bi Kucha mifupani. Alimfikiria mumewe.

Fundi msimu wa baridi hakuvua sweta. Alilala nalo, akala nalo, akafungua saa za watu nalo, mikono ikiwa imefunikwa hadi kwenye vifundo. Kwa siku nane Bi Kucha aliishi na mwanamume yule chumba kimoja, akammiminia chai, akamkanda mgongo juu ya nguo, na hakuthubutu kupandisha ule mkono wa sweta. Alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Na aliogopa. Nje ya dirisha vichaka vilisimama imara, upepo ukaja ukavunjika hapo, na kikohozi kikawa kinapungua siku hadi siku, lakini michongoma ile mitano nayo ilikuwa imenawiri.

Asubuhi ya tisa alimletea maji ya moto kwenye beseni. Fundi akakunja mikono ya sweta mwenyewe ili anawe uso. Kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani, chini ya kiganja, palikuwa na mistari miwili.

"Hiyo nini?" Bi Kucha aliuliza.

"Hii? Hata sijui. Labda ile miiba yako." Fundi alijitazama kama anayetazama saa ya mtu mwingine. "Haiumi. Mbona unalia, mama?"

"Moshi."

"Moshi gani, na jiko halijawashwa?"

Alicheka huku machozi yakimtoka, akambusu utosini mbele ya mwanga wa dirisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wao, akatoka kwenda kuosha vyombo. Furaha ilimjaa hadi akaanza kuimba. Akakunja mikono ya gauni lake, akaichovya kwenye maji, na hapo akanyamaza.

Mkono wa kulia haukuwa na kitu, na wa kushoto pia. Alijifuta, akafunga mlango, akatafuta kwenye mapaja, kwenye miguu, nyuma ya masikio kwa msaada wa kioo. Ngozi ilikuwa safi, na makovu yote aliyoyaona aliyafahamu tangu zamani.

Alijikaza. Labda mama hajamfikia bado, alijiambia, kazi ni nyingi. Adhuhuri ilipofika alikwenda jela, akasimama katikati ya madebe yaliyobaki, mikono mitupu hadi kwenye viwiko, upepo ukimchoma.

"Mama," alisema. "Na mimi nipo hapa."

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ikaja harufu ya udongo uliolowa, na pale hapakuwa na tone la maji kwa majuma mengi. Kisha ile sauti ndogo, kavu, ikaanzia mwisho wa safu, kwenye debe la mbali, ikawa inakuja. Krr. Ikasimama. Krr. Alifumba macho, akanyoosha mkono wake kama mtoto anayetaka kufungwa kifungo.

Kitu baridi kikamgusa chini ya kiwiko. Hakikukwaruza. Kilikuwa laini, kipana, nyama tupu ya gumba, nacho kikateremka taratibu hadi kwenye kiganja, kikakaa hapo kidogo, kikaondoka. Sauti ikaendelea kwenye debe lililofuata.

Bi Kucha alisimama mpaka vidole vikafa ganzi. Alilia, sisemi hakulia. Alitaka kuuliza ni lini, akakumbuka kwamba mama hakuwahi kuijibu miche. Kisha akashusha mikono ya gauni, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaenda mlangoni.

"Fundi! Vaa skafu, toka nje. Huku nyuma ya vichaka hakuna upepo."

"Kuna nini?"

"Nataka kukufundisha."

"Kunifundisha mimi? Baada ya miaka yote hii?" Lakini alitoka, skafu imemfunika hadi puani, na kwa mazoea akiwa bado na kioo chake cha kukuzia kwenye paji la uso.

Alimwonyesha mawe mashinani, asiyaondoe. Alimwambia maji ni mara moja kwa wiki tatu, lakini mengi, yafike chini, na kwamba atakayemletea mbolea amfukuze na mbolea yake. Alimwambia jani likidondoka kwenye mkomamanga asishtuke, umelala tu. Mumewe alirudia kila jambo polepole, kama anavyohesabu meno ya gurudumu la saa. Kisha akampigisha magoti mbele ya mche wa rozmari uliokuwa mlangoni, ambao haukuwa umeguswa msimu huo, akamshika gumba.

"Hapa chini. Kidogo tu. Usiogope."

Fundi alikwaruza. Aliteremsha kioo jichoni, akainama hadi pua ikakaribia udongo aliokuwa akiukwepa maisha yake yote. "Kijani," alisema, akafurahi waziwazi. "Kijani kabisa!"

"Basi uko hai. Usiuguse tena hadi mwakani."

"Mwakani utaugusa wewe mwenye ukucha wako."

Bi Kucha alimwondolea udongo kwenye kidole kwa upindo wa kanga yake, akachelewa kukiachia.

"Mwakani utaugusa wewe," alisema. "Haya, inuka. Twende kwenye unaofuata."