Goti Langu la Tinde

Mimi si mgeni wa fedheha, niliwahi kumshonea bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mrefu na nikakaa kanisani namwangalia akienda madhabahuni anachechemea, lakini aibu hiyo ni chai ya asubuhi ukilinganisha na ya Tinde, siku niliyowapigia goti wakwe zangu watarajiwa, goti likashuka vizuri kabisa, halafu likakataa kupanda. Leo naweza kucheka. Siku ile sikucheka, kwa hiyo na nyie vumilieni kwanza.

Mnanijua, mimi Kabula, fundi cherehani wa hapa hapa Kahama. Mwaka jana viungo vyangu vilianza kuvimba bila mtu kunigusa, vidole, magoti, na kiuno pale chini kabisa, asubuhi nikiamka ni mpaka nijiviringishe kama gunia ndipo nishuke kitandani. Daktari akanipima, akasema kinga ya mwili wangu imechanganyikiwa, inashambulia viungo vyangu yenyewe (nikamwambia basi mwili wangu umefuata ukoo wetu, nasi tunapigana wenyewe kwa wenyewe). Akaniandikia vidonge vidogo vyeupe, prednisolone, na wallahi vilifanya kazi, wiki haikuisha nilikuwa nakanyaga cherehani mpaka majirani wanalalamikia kelele.

Shida ikawa mashavu. Vile vidonge vinatia hamu ya kula na vinavimbisha uso, na uso wangu ulijaa mpaka macho yakawa yanachungulia tu. Sokoni wakawa wananipongeza: "Kabula mambo safi! Masanja anakutunza!" Masanja ndiye mchumba wangu, fundi wa malori kule machimboni Geita, anakuja kila baada ya wiki mbili. Naye alipoyaona mashavu alifurahi, akaamini ni yale maziwa anayoninunulia. Mwanaume akikuta umenawiri haulizi, anajipongeza. Na mimi nikanyamaza, nikamwachia sifa zake.

Daktari alishaniambia kwamba vidonge hivi haviachwi ghafla. Alinichorea karatasi kabisa: "Tunashuka ngazi, Kabula. Nusu kidonge kila baada ya wiki mbili. Usiruke ngazi. Na kiuno hicho usikiweke mkao mmoja muda mrefu." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili.

Nilikuwa nimefika vidonge vitatu kwa siku pale Masanja aliponipigia simu, Jumapili moja: "Jumamosi ijayo nakupeleka Tinde, mama anataka kukuona. Na shangazi Holo atakuwepo." Nikakaa chini. Huyo shangazi Holo, dada wa baba yake, alikuwa mhudumu wa zahanati miaka mingi kabla ya kustaafu, na sifa yake ilikuwa imenifikia: kuna msichana aliyepelekwa pale kabla yangu, akakohoa mara tatu wakati wa kula, shangazi akamrudisha kwao. Kukohoa tu! Sasa mimi wa viungo vya kuvimba itakuwaje? Nina miaka thelathini na mbili, nampenda yule mwanaume, na niliogopa, sitaki kudanganya. Nikajitazama kwenye kioo cha wateja, nikasema mhudumu wa zahanati akiyaona mashavu haya tu, atajua ninachomeza.

Nikafanya uamuzi wa kifundi: kitambaa kikizidi, unakata. Jumapili ile ile nikatoka vidonge vitatu nikaenda kimoja. Si kwamba nimeacha, nilijiambia, napunguza tu kwa haraka, wakwe wakishaniona nitarudi kwenye karatasi.

Jumanne nilikuwa nimechoka kama nimelima heka mbili. Jumatano kizunguzungu. Alhamisi kiuno kilirudi, na hakikurudi peke yake, kilikuja na riba. Na mashavu? Mashavu yalikuwa pale pale, hayakupungua hata chembe! Mtu mwenye akili angerudi kwa daktari, lakini mimi nilikwenda kwenye mashine ya mpunga nikaazima mkanda wa mbeba magunia, ule mpana unaofunga kiuno kwa utepe wa kung'ang'ania, nikaufunga chini ya gauni nililolishona mwenyewe, na kabla ya hapo nikajipaka dawa ya kuchua nusu chupa.

Njiani Masanja akawa anavuta pua. "Kabula, harufu gani hii?"

"Manukato."

"Ya wapi?"

"Ya Dubai." Akafungua vioo vyote vinne, na safari ikaendelea.

Basi tukafika. Wazee wamekaa kwenye viti uani, shangazi Holo katikati, mwanamke mkubwa mwenye miwani, na mama yake Masanja pembeni, mdogo, mkimya. Sasa kwetu Usukumani mwanamke hasalimii wakwe amesimama wima kama mlingoti. Nikapiga goti, mikono pamoja, kichwa chini: "Shikamooni. Mwadila."

"Marahaba. Mwadila, mayu." Na salamu za kwetu si za kukimbilia, waliniuliza nyumbani, wazazi, mvua, mifugo (sina hata kuku, nikasema wanaendelea vizuri). Zikaisha. Nikaruhusiwa kuinuka. Nikaagiza mwili uinuke.

Haukuinuka. Mkanda ulikuwa umepanda mpaka mbavuni, na kiuno chini yake kikawa kimefungwa kwa ufunguo. Nikajaribu mara ya pili, maumivu yakapiga kutoka kiunoni mpaka kisigino, machozi yakanilenga. Nikafanya kitu kimoja tu nilichoweza kufanya. Nikatabasamu.

"Mmeona?" shangazi Holo akawageukia wengine. "Nimemwambia ainuke na bado yuko chini. Hii ndiyo adabu ya zamani! Sio hawa wa siku hizi, anainama kidogo kama kadondosha sindano, kashainuka!"

Mngekuwa nyie mngesema ukweli hapo. Mimi nilisema, "Wabeja, asante shangazi, huku chini nipo sawa."

Kosa! Shangazi akaita majirani waje waone. Kila aliyeingia nikamsalimia palepale chini, na kila salamu ilianza upya, nyumbani, mvua, mifugo, kuku wangu ambao hawapo wakawa wanazidi kunenepa. Mzee mmoja jirani akatoa simu akaanza kurekodi kwa ajili ya kundi la ukoo. Halafu shangazi akamwita Mama Kulwa, mke wa mdogo wake Masanja, aliyekuwa jikoni na ugali wake: "Njoo upige goti hapa karibu na mwenzio, ujifunze." Mama Kulwa akaja na mikono ina unga, akapiga goti kando yangu, akaninong'oneza bila kugeuza shingo.

"Dada, inuka. Unatuharibia."

"Siwezi."

"Najua huwezi, unapenda sifa."

Nikaletewa birika na beseni niwanawishe wazee mikono. Nikaenda kwa magoti, mzee hadi mzee, mchanga unanichoma, jasho linanitiririka, dunia imeanza kuzunguka taratibu. Vigelegele! Nilipofika kwa mama yake Masanja nikamwaga maji, mengine kwenye beseni, mengi kwenye miguu yake. Aliinama karibu yangu, akavuta pua.

"Hii ni dawa ya kuchua," akasema polepole. Akaniwekea mkono mgongoni, akaupapasa ule mkanda juu ya gauni. "Mwanangu, umekwama?"

Jamani, nililia. Sikulia machozi ya heshima, nililia na kamasi. "Ndiyo, mama. Nimekwama tangu shikamoo."

Masanja akaja mbio, na baba yake, na yule mzee wa simu (simu akampa mtu mwingine aendelee kurekodi, kazi isilale). Wakanishika kwapani na chini ya magoti wakaninyanyua nikiwa nimekunjwa vilevile, kama kochi linalohamishwa nyumba. Katikati ya ua ule utepe wa mkanda ukashindwa, ukaachia kwa sauti, chwaaa! Shangazi Holo akapiga kelele, "Mgongo umechanika!" Na wanawake waliokuwa nyuma ya nyumba, wasiojua lolote, waliposikia kelele wakadhani ndiyo bibi harusi anaingizwa ndani. Wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Nikapakiwa kwenye gari, kiti cha nyuma, ubavu, mpaka hospitali. Mganga wa zamu akauliza mbele ya Masanja, mama yake na shangazi: "Unatumia dawa gani?" Nikataja. "Ngapi?" Nikataja. "Na uliambiwa ngapi?" Nikatazama ukuta.

Akanieleza kwa ukali, na ni haki yake. Vidonge vile mwili ukishavizoea, unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, ndiyo maana unashuka taratibu ili ukumbuke kazi. "Wewe hukushuka ngazi," akasema, "ulijirusha kutoka dirishani. Una bahati ni goti tu lililokwama, wengine wanaletwa hapa hawajitambui."

Masanja alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeambiwa lori alilolinunua halina injini. "Kumbe siyo maziwa?" akauliza. Nilitamani kufa.

Ndipo shangazi Holo akavua miwani. "Mashavu hayo niliyajua tangu unashuka kwenye gari," akasema. "Nimegawa vidonge hivyo miaka mingapi? Nikasema, vizuri, huyu anatibiwa, ana akili. Ulipokaa chini muda wote ule nikasema kumbe dawa imemkubali." Akaifuta miwani kwa khanga. "Yule msichana wa kwanza sikumrudisha kwa sababu alikohoa. Nilimrudisha kwa sababu nilimwambia twende tukapime, akaapa kwamba hajakohoa. Nilimrudisha kwa kuficha. Na wewe umeficha."

Nikajua basi, imeisha, nimempoteza Masanja kwa kuwaficha watu kitu walichokuwa wameshakiona usoni kwangu.

Mama yake Masanja, ambaye siku nzima hakuwa amezidisha sentensi tatu, akakohoa kidogo. "Wifi," akasema, "huyu amefichuka mbele ya ukoo mzima na kwenye simu yupo. Sasa amebakiza nini cha kutuficha?"

Shangazi akafikiri. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini, na Masanja naye akacheka, na mimi nikacheka kidogo kidogo kwa sababu kiuno hakikuruhusu zaidi.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Karatasi ya daktari sasa anayo shangazi Holo, kila asubuhi ananipigia simu: "Leo nusu au kizima?" Tunashuka ngazi moja moja, tumefika kidonge kimoja, cha halali safari hii, na nimeapa sitakata tena dawa kama kitambaa, wala sitamficha mtu ugonjwa kwa tabasamu. Nikienda Tinde, kwa amri ya daktari na shangazi, nasalimia wazee nikiwa kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Ila ile adabu ya zamani niliyoianzisha haikufutwa, wenzangu wote bado wanapiga goti, na wanakaa hapo chini mpaka salamu ziishe kabisa, mvua, mifugo na kila kitu.

Juzi Mama Kulwa, akiwa chini, alinitazama pale juu kwenye mto wangu, akaniuliza huo ugonjwa unapatikana wapi.